Runinga ya Rangi ya Zamani: Kuitafuta, Kuikagua na Kuifufua

Kosa linaloua seti nyingi za zamani hutokea sebuleni kwa muuzaji, kabla hata hujalipa. Mtu anasema, "Hebu tuichomeke kidogo tuone kama inawaka." Seti imekaa miaka kumi na mitano juu ya kabati. Ndani mna vumbi, utando wa buibui na mayai ya mjusi kafiri, kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji) zimekauka, halafu inapewa volti 240 kwa mkupuo. Inalia tap! Harufu inatoka, na kasoro iliyokuwa moja inakuwa nne. Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote: usiichomeke. Muuzaji akitaka kukuonyesha, mshukuru na umzuie.

Seti ninazozungumzia ni za rangi, zenye tyubu ya kioo, za mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990: Sony, National, Sanyo, Philips, JVC, Grundig, Hitachi na wenzao. Great Wall ndogo ya nyeusi na nyeupe, ile iliyotumia betri ya gari, ina wapenzi wake lakini simo. Nakaa Nakuru. Nyingi nimezitoa hapa mjini, Njoro na Kisumu, na moja ilitoka Kakamega ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

Zinapopatikana

Kwetu hakuna desturi ya kufungua nyumba ya marehemu, kubandika bei kwenye kila kijiko na kuita majirani waje kununua. Vitu vya mzee hugawanywa na jamaa, na runinga ambayo hakuna aliyeitaka huishia stoo chini ya magunia. Ndiyo maana kazi hii inataka mdomo kuliko miguu. Walinzi na watunza nyumba wa Milimani, ya Nakuru na ya Kisumu pia, wanajua nani amehamia ng'ambo na ameacha nini. Wastaafu wanaotoka nyumba za kazi kurudi mashambani hupunguza mizigo wiki ya mwisho, wakati lori limeshaagizwa na kila kitu kimeanza kuonekana kizito. Wiki hiyo ndiyo ya kupiga simu.

Seti nyingi nzuri zilipelekwa stoo mwaka 2015, utangazaji wa analogi ulipozimwa. Watu walidhani runinga zao zimekufa, kumbe zilikosa king'amuzi tu. Wakanunua runinga bapa, na ile ya zamani ikawekwa kando ikiwa nzima kabisa. Mtu akikuambia "iliacha kushika stesheni wakati wa dijitali," furahi kimoyomoyo.

Mafundi wazee ndio ghala langu. Fundi mwenye kibanda tangu miaka ya 1980 ana rafu ya seti ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Usiulize kama ana seti ya kuuza, uliza ana zipi zilizosahaulika. Na ukishaelewana naye kwa seti, muulize habari ya vipuri, kwa sababu flaibaki (transfoma inayozalisha volti kubwa za tyubu) na transista halisi za enzi hizo zimelala kwenye droo zake, si madukani. Kisumu, soko la Kibuye siku ya Jumapili hutoa moja moja. Pale ndipo utahitaji moyo mgumu wa kukataa kuchomekewa kwa waya wa kuazima.

Wafikie mapema pia wanunuzi wa vyuma kuukuu. Wao huvunja tyubu wapate shaba ya koili iliyo shingoni. Mwachie mmoja wao namba yako na ahadi ya kumlipa zaidi ya bei ya hiyo shaba. Mimi nimeletewa hivyo Sony mbili.

Mali ya marehemu

Mwenye ufunguo wa stoo si lazima awe mwenye mali. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Utasema hakuna atakayepelekwa kortini kwa sababu ya runinga kuukuu. Labda. Lakini nimewahi kusimama katikati ya ndugu wawili wanaovutana maneno uani kwao, mimi nimekumbatia Grundig ya kilo thelathini, sijui niiweke chini au nikimbie nayo. Uliza nani anasimamia mirathi, zungumza na huyo, na uende baada ya matanga, si katikati yake. Ukilipa, andikeni karatasi: tarehe, aina ya seti, namba iliyo nyuma yake, bei, majina na namba za vitambulisho, sahihi mbili. Karatasi hiyo itakufaa pia ukisimamishwa usiku na runinga kwenye buti.

Uliza historia kabla ya bei

Mwenye seti anajua ugonjwa wake kuliko multimita yako, kile kipima umeme. Shosho (bibi) mmoja wa Section 58, hapa Nakuru, alinieleza kila kitu kuhusu Sanyo yake ya inchi 20 kabla sijashika bisibisi.

"Shosho, ilizimika ghafla ama ilianza kuumwa pole pole?"

"Pole pole. Picha ilikuwa inajikunja, inakuwa mstari mmoja hapa katikati. Guka wenu anaipiga kofi, inarudi."

"Na sauti?"

"Sauti haikupotea hata siku moja. Tulikuwa tunasikiliza habari kama redio. Halafu kofi likakataa kusaidia, akaifunika na kitambaa."

Sauti ipo na mstari unang'aa. Maana yake ni kwamba siku ile inafunikwa kitambaa, mfumo wa umeme ulikuwa hai, flaibaki ilikuwa hai, tyubu ilikuwa hai. Kilichokufa ni sehemu ya wima, inayotandaza picha juu na chini, peke yake, tena kwa kiungo kinachoitikia kofi. Nilimpa shilingi 1,500 bila kubishana.

Majibu mengine nayo yana maana zake. "Ilizimika siku ya radi" utaisikia sana kuanzia Kericho kwenda ziwani na Kakamega, kunakopiga radi karibu kila jioni msimu wa mvua. Hapo tegemea tyuna (sehemu inayoshika stesheni) iliyoungua kupitia waya wa antena, na mara nyingi sehemu ya umeme pia. "Ilikuwa inanuka na kulia kama nyoka" ni flaibaki au uchafu kwenye waya wake mnene. "Asubuhi inachelewa, picha inakuja nyekundu nyekundu halafu inatulia" ni tyubu inayochoka. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kukufanya ushukuru chai na uage.

Kagua tyubu, mengine baadaye

Transista inabadilishwa, kapasita inabadilishwa, hata flaibaki hupatikana ukiwa na subira. Tyubu ya rangi haitengenezwi tena. Ukinunua seti, kwa kweli umenunua tyubu. Vingine ni vya kuizunguka.

Anza na kioo. Kitazame kwa pembeni kwenye mwanga wa dirisha, uone mikwaruzo na alama za kuungua. Seti ya baa au ya hoteli iliyoonyesha nembo ileile miaka mingi huwa na kivuli cha nembo hiyo hata ikiwa imezimwa. Kisha washa tochi ya simu na uchungulie shingo ya tyubu kupitia matundu ya nyuma. Ukiona ndani ya kioo cha shingo madoa ya rangi ya fedha au meusi yanayong'aa, ni sawa. Ukiona utando mweupe kama maziwa, hewa imeingia, tyubu imekufa, na hakuna fundi wa kuifufua. Usipoona chochote usishtuke, kwani tyubu nyingi za baadaye huweka doa hilo mbali na shingo.

Halafu angalia vitu vidogo: vitufe, kifuniko cha vidhibiti, nembo ya mbele, rimoti. Watu wanacheka nikikataa seti kwa sababu ya kitufe kimoja kilichopotea, lakini transista naipata kwa fundi siku hiyohiyo, na kitufe cha National ya mwaka 1982 nimekitafuta miaka miwili. Kama kabati ni la mbao, gonga chini yake kwa kidole. Sauti tupu na unga unaodondoka ni mchwa.

Mambo mawili huwadanganya wageni. La kwanza ni Trinitron ya Sony, ambayo ina mstari mwembamba sana wa kivuli unaolala kwenye picha, mmoja kwenye seti ndogo na miwili kwenye kubwa. Ule ni waya unaoshikilia nyuzi za chuma zilizo nyuma ya kioo, ni sehemu ya muundo wa Trinitron, na hauna dawa wala hauhitaji dawa. La pili ni seti iliyorudi na mtu kutoka Uingereza. Wao kama sisi walitumia mfumo wa rangi wa PAL, lakini sauti yao ilikuwa megahezi 6.0 juu ya picha na yetu ilikuwa 5.5, na seti zao nyingi hushika masafa ya UHF pekee. Picha itakuja safi na sauti itakuwa mchakaricho. Inarekebishika, nitafika huko, ila usilipe bei kamili.

Kubeba

Uzito wote uko mbele. Kumbatia seti kioo kikiwa kimeelekea kifuani, na usiishike kamwe kwa nyuma mahali shingo ilipo, kwa sababu shingo ikivunjika hadithi imeisha. Kwenye gari ilaze kifudifudi juu ya godoro au blanketi nene. Boda boda hapana, hata mwendeshaji akikuapia.

Kufungua na kutoa chaji

Hapa niseme wazi: kama hujazoea kazi ya umeme, soma ujue, kisha mpe fundi. Tyubu ya rangi hufanya kazi kwa volti 20,000 hadi 27,000, na kioo chake chenyewe ni kama kapasita. Inaweza kushika chaji muda mrefu baada ya kuzimwa. Kapasita kubwa ya umeme wa nyumbani nayo hufika volti 340 hivi, na hiyo ndiyo inayoua kwa urahisi zaidi. Usifanye peke yako nyumbani, na watoto wawe mbali.

Chomoa waya wa umeme, uweke mezani unapouona. Fungua kifuniko cha nyuma, panga skrubu kwenye kifuniko cha chupa, piga picha kila upande. Utaona waya mnene, mara nyingi mwekundu, unaotoka kwenye flaibaki na kuingia ubavuni mwa tyubu chini ya kikombe cha mpira. Utaona pia waya uliosukwa, usio na ganda, umezunguka mgongo mweusi wa tyubu. Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini mzima wa plastiki, ifunge waya wenye kibanio, na kibanio kikamate ule waya uliosukwa. Kikamate hapo, siyo kwenye bodi, kwa sababu mshtuko ukipita kwenye bodi unaua IC, zile chipu zake. Mkono mmoja uwe mfukoni au nyuma ya mgongo. Kwa mkono mwingine telezesha ncha chini ya kikombe mpaka iguse chuma. Utasikia "pa!", au hutasikia kitu. Subiri dakika chache urudie, kwa maana chaji hujirudisha kidogo kidogo kutoka kwenye kioo.

Kapasita kubwa usiiunganishe kwa bisibisi. Inatoa cheche inayotoboa chuma. Mimi hutumia holda yenye balbu ya wati 60 ya nyuzi na waya mbili: nagusisha miguu ya kapasita, balbu inamulika kidogo kama ina chaji, inafifia. Kisha napima kwa multimita nihakikishe ni sifuri.

Kusafisha

Toa seti nje. Funga pua na mdomo, chukua brashi laini ya rangi na blowa, uanzie juu kushuka chini. Utakuta mende waliokauka, mayai meupe ya mjusi, na kwa seti za Kisumu wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, wamejaa kwenye kila tundu. Mkojo wa panya ndio wa kuogopa, kwa kuwa unakula shaba ya bodi mpaka njia zinakatika. Pale penye ukungu wa kijani futa kwa spiriti safi na mswaki, kisha upime kila njia kama bado imeunganika.

Inua kikombe cha mpira, ufute kioo chini yake na sehemu ya ndani ya mpira kwa spiriti, ukaushe kabisa. Vumbi na unyevu hapo ndivyo vinavyofanya seti ilie kama nyoka. Nusu ya "flaibaki mbovu" nilizoletewa zilikuwa uchafu tu.

Kabla ya umeme

Sasa tumia macho. Tafuta kapasita zilizovimba kichwa au zilizovuja gundi ya kahawia, resista zilizoungua, fyuzi nyeusi. Fyuzi iliyoyeyuka pole pole ikabaki safi ni uchovu au umeme uliopanda. Iliyolipuka na kupaka kioo weusi inakuambia kuna shoti, na ukiweka mpya bila kutafuta shoti utakuwa umenunua giza lingine. Usikubali kamwe fyuzi ya waya wa shaba au ya karatasi ya sigara, na utazikuta.

Pima transista kubwa ya mlalo, ile iliyofungwa kwenye chuma cha kupoza karibu na flaibaki. Kwenye seti nyingi za Ulaya ni BU208A au BU508A, na za Kijapani huanza na 2SD. Miguu yake ya kolekta na emita ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imepita, yaani imekufa. Ila kuna mtego: aina zenye daiodi na resista ndani husoma makumi machache ya omu kati ya besi na emita, na hiyo ni kawaida yake. Nimeona transista nzima nzuri zikitupwa kwa sababu hiyo.

Je, ubadilishe kapasita zote za elektroliti? Wapo wanaosema ndiyo. Mimi niliwahi kukaa usiku mmoja nikabadilisha karibu sitini kwenye JVC iliyokuwa na kasoro moja tu. Asubuhi ilikuwa na kasoro mbili, kwa sababu moja niliiweka kinyume, na nyingine ilikuwa feki tangu dukani. Ilinichukua wiki mbili kuzipata. Siku hizi nabadilisha za sehemu ya umeme zilizo karibu na joto, na za sehemu ya wima, basi. Maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, ziwe za nyuzi joto 105, na mstari wa hasi uwe upande uleule. Badilisha moja moja, si kuzing'oa zote kwanza.

Umeme wa kwanza: taa ya mfululizo

Hiki ndicho kifaa cha bei nafuu kitakachookoa seti nyingi kuliko chombo kingine chochote. Tengeneza soketi ambayo waya wake wa moto unapitia kwanza kwenye holda ya balbu. Balbu iwe ya nyuzi, wati 100. Za kuokoa umeme na za LED hazifai hapa, na zile za nyuzi zimeanza kuadimika, kwa hiyo ukizikuta dukani nunua kadhaa. Seti ikiwa na shoti, balbu inang'aa kabisa na kubeba mzigo wote. Seti ikiwa salama, balbu inamulika mara moja kisha inafifia.

Kabla ya kuwasha chomoa plagi ya koili inayozunguka kioo, ile ya kuondoa sumaku. Hiyo hula umeme mwingi sekunde za kwanza, na itakufanya udhani kuna shoti. Seti kubwa inaweza kukataa kuanza kwa sababu balbu inaibania, basi panda hadi wati 150 au 200.

Taa hii inalinda seti, haikulindi wewe. Bodi za seti nyingi za wakati huo zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, hivyo hata chuma chake kina moto. Fundi makini hutumia transfoma ya kutenganisha, 240 kwa 240. Kama huna, usiguse chochote seti ikiwa na umeme. Unganisha kibanio cha multimita ikiwa imezimwa, washa, soma, zima.

Kama transista ya mlalo ilikuwa imepita, usiharakishe kuweka mpya. Iache nje, weka balbu ya wati 60 mahali pa mzigo, kati ya volti kuu na ardhi yake, na upime. Bodi yenyewe mara nyingi imechapwa namba: 103, 115, 130. Ukipata namba hiyo na ikatulia, sehemu ya umeme ni nzima. Ukipata 160 mahali pa 115, umejua kilichoua transista ya kwanza, na kingeua ya pili.

Mstari wa shosho

Sanyo ya Section 58 iliwaka kwa mara ya kwanza vilevile alivyoniambia: mstari mmoja mweupe, mkali, umelala katikati ya giza. Ukiona hivyo punguza mwanga mara moja, vinginevyo mstari utachoma kioo na alama haitatoka.

Nilizima, nikatoa chaji, nikaigeuza bodi na kuazima lenzi ya kusomea ya mke wangu. IC ya wima ilikuwa LA7830, miguu saba. Sita ilikuwa na risasi ya kulehemu inayong'aa. Kuzunguka mmoja kulikuwa na duara jembamba jeusi, jembamba kama unywele, kana kwamba mtu ameuchora kwa kalamu. Huo ndio ufa ambao kofi la guka lilikuwa likiuziba. Chuma cha kupoza kinapata joto kila jioni na kupoa kila usiku, mguu unavutwa na kurudi, mpaka risasi inachoka. Kuongeza risasi juu yake kunasaidia wiki mbili. Dawa ni kunyonya ya zamani yote, kusugua mguu na shaba mpaka ving'ae, kisha kulehemu upya. Nikafanya hivyo kwa miguu yote saba, nikabadilisha kapasita mbili zilizokuwa zimebanwa na hicho chuma cha moto, nikawasha. Mstari ukafunguka kama pazia.

Viungo vya namna hii vitafute pia kwenye miguu ya flaibaki, transfoma ndogo iliyo karibu na transista ya mlalo, na soketi ya waya wa umeme. Nadhani ndicho chanzo cha zaidi ya nusu ya seti ninazofufua, na gharama yake ni risasi ya kulehemu.

Rangi

Mabaka ya zambarau au kijani kwenye pembe ni sumaku. Ondoa spika iliyo karibu, rudisha plagi ya ile koili, na uwashe seti ikiwa baridi. Koili hufanya kazi sekunde chache tu za mwanzo, hivyo ili urudie ni lazima uzime na kusubiri nusu saa ipoe.

Picha ikija bila rangi kabisa, kabla hujalaumu dekoda ya PAL ingia kwenye menyu ya king'amuzi. Mara nyingi kimewekwa NTSC. Kikiwa tayari PAL, ndipo uangalie kristali ya megahezi 4.43 na sehemu yake.

Picha yote ikielemea rangi moja, punguza rangi hadi sifuri uitazame kama nyeusi na nyeupe. Weka alama kwa kalamu mahali kila kidhibiti kwenye bodi ya shingo kilipo, ndipo uzungushe kidogo kwa bisibisi ya plastiki. Pete zilizo kwenye shingo ya tyubu na kabari za mpira za koili usizisogeze. Zilipakwa rangi kiwandani ili mtu kama wewe asiziguse.

Tyubu dhaifu ina dalili yake: weupe unapakaa kama fedha na picha inachukua dakika kadhaa kuamka. Mafundi huzungusha waya mara moja zaidi kwenye flaibaki ili moto wa tyubu, yaani hita iliyo shingoni mwake, upande juu ya volti zake 6.3. Inaamka kweli, na inakufa mapema zaidi. Mimi huiacha iwe dhaifu, chumba kikiwa na giza kidogo inatosha.

Kuipa picha siku hizi

Seti yenye matundu ya AV ni kazi ya dakika moja: waya wa manjano na mweupe kutoka kwenye king'amuzi. Za Ulaya zina tundu pana la SCART, na kibadilishi chake hupatikana. Isiyo na lolote ila antena inahitaji modyuleta (kifaa kinachogeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya antena), na modyuleta nzuri kuliko zote ni deki ya VHS ambayo hakuna anayeitaka tena. Ingiza king'amuzi kwenye AV ya deki, toa waya wa antena ya deki hadi kwenye seti, na utafute UHF karibu na chaneli 36. Deki nyingi zina swichi ya sauti nyuma. Weka B/G kwa seti za kwetu, na kwa ile iliyotoka Uingereza weka I, mchakaricho utaisha. Kwenye king'amuzi chagua 4:3 ili watu wasionekane wamerefushwa.

Seti isiyofufuka usiivunje shambani. Kioo cha tyubu kina madini ya risasi. Toa flaibaki, transista, spika na vitufe uweke akiba, na iliyobaki, ikiwa tyubu ni nzima, iachie kama ilivyo. WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za elektroniki.

Kwa iliyofufuka, acha nafasi ya kiganja nyuma yake ipumue, itumie na gadi ya TV, na wingu likijikusanya juu ya ziwa chomoa umeme na antena pia. Kabla ya kufunga kifuniko, andika kwa penseli upande wa ndani tarehe, volti kuu uliyoipima na ulichobadilisha. Ndani ya Sanyo ya shosho nilikuta fundi mwingine ameshaandika: "14/8/91. Fuse. Kazi 60/=." Niliandika chini yake.